Nimenunua chapa nyeusi ya kombe la baharini kwa euro 15, chini imeandikwa "Rembrandt f. 1650". Wajuzi naomba msaada wa kuitambua na kujua thamani yake

#1 BintiTanga (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nipo Utrecht, Uholanzi, huu mwaka wa tisa. Huku tarehe 27 Aprili ni Siku ya Mfalme, na siku hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kutandika kitambaa barabarani akauza vitu vya nyumbani kwake. Mimi huenda kutafuta sufuria nzito za chuma. Safari hii, kwa bibi mmoja aliyekuwa anauza sahani za kaure, nikaona fremu ndogo nyeusi, kioo kimefifia kwa vumbi na mafuta. Ndani kuna kombe la baharini limelala peke yake, nyuma yake giza. Picha nzima ni wino mweusi kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Sikuinunua kwa kufikiria thamani. Marehemu baba alikuwa mvuvi kule Mwambani, Tanga, na dirishani kwetu palikuwa na safu ya makombe ya umbo hilihili, yale yanayofanana na pia ya kuchezea watoto. Nilipoliona, nikalipa euro 15 bila kuomba kupunguziwa.

Nyumbani nikasafisha kioo, ndipo nikaona maandishi chini: *Rembrandt. f. 1650*. Nimetafuta mtandaoni, nimeona "f." ni kifupi cha neno la Kilatini la "amefanya", na kweli Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, alichora kombe moja mwaka 1650 na picha inafanana na yangu kabisa, madoa meupe kwenye gamba jeusi, kivuli, yote.

Nimepita duka moja la vitu vya kale hapa mjini. Muuzaji aliitazama kama nusu dakika akasema atanipa euro 60 "kwa ajili ya fremu". Ile haraka yake ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nikarudi nayo nyumbani.

Maswali yangu: nitajuaje kama ni ya Rembrandt mwenyewe, na kama si yake, ni ya nani na ina thamani gani? Natanguliza shukrani.

#2 Mzalendo_Kindakindaki

Dada USIUZE. Rembrandt ni mmoja wa wachoraji wakubwa kuliko wote duniani. Picha zake zinauzwa mamilioni. Bibi wa watu alikuwa hajui alichonacho. Sahihi ipo, mwaka upo, picha inafanana. Unataka ushahidi gani tena? Tafuta mwanasheria kabla hujaionyesha kwa mtu mwingine.

#3 Kipima_Joto

Naheshimu furaha ya mdau hapo juu lakini nakataa. Sahihi kwenye picha si ushahidi wa lolote. Kama picha imenakiliwa, sahihi nayo imenakiliwa pamoja nayo. Miji yote ya kitalii ya Ulaya inauza picha za Rembrandt zilizochapwa kwa mashine, zimepakwa rangi ya chai zionekane za zamani. Mimi nadhani ni hiyo.

#4 FundiFremu

Habari zenu. Mimi ni wa Bukavu, sasa niko Antwerp, Ubelgiji. Kazi yangu ni kutia picha fremu na kutengeneza karatasi za zamani zilizoharibika. Nimeshika chapa nyingi za aina hii, kwa hiyo naomba niseme kidogo kwa utaratibu.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Hii si picha iliyopakwa kwa brashi, ni chapa. Rembrandt alichukua sahani ya shaba, akaipaka nta, akachora kwa sindano hadi shaba ikaonekana, kisha akaitumbukiza kwenye tindikali ikala pale tu sindano ilipopita. Hiyo ndiyo inaitwa echingi. Mahali pengine aliparura shaba moja kwa moja kwa sindano bila tindikali. Mparuzo huo unaacha ukingo mwembamba wa shaba umesimama pembeni ya mfereji, na ukingo ule unashika wino ukatoka laini kama kitambaa cha mahameli. Halafu sahani inapakwa wino, inafutwa juu ili wino ubaki ndani ya mifereji, inawekwa karatasi iliyolowanishwa, inapitishwa kwenye rola nzito.

Maana yake ni kwamba tangu mwanzo hakuna "ile moja ya kweli". Sahani moja inatoa makumi, hata mamia ya chapa. Alitengeneza sahani karibu 300 katika maisha yake. Kwa hiyo usiulize "ni Rembrandt au si Rembrandt?" Uliza: mkono wa nani ulichora sahani hii, na karatasi hii ilipita kwenye rola lini?

Sasa dada BintiTanga, fanya hivi, polepole, mikono mikavu:

Toa picha kwenye fremu. Ikiwa imegundishwa kwa gundi usivute, acha na uniambie. Ikitoka, azima kile kioo cha kukuzia cha sonara, kinachokuza mara kumi. Angalia sehemu ya kijivu. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa kwa safu, hapo Kipima_Joto ameshinda, ni picha ya gazeti tu. Ukiona mistari inayoanza na kuishia yenyewe, endelea.

Pitisha ncha ya ukucha kwa wepesi sana pembeni, nje ya picha. Sahani ya shaba inaacha bonde kwenye karatasi kote kuzunguka picha. Lipime kwa milimita. Sahani ya Rembrandt ya kombe ina takriban milimita 97 kwa 132.

Mwisho inua karatasi dirishani, jua likiwa nyuma. Niambie unaona nini ndani yake. Kama noti, ile alama inayojitokeza ukiiinua kwenye mwanga.

#5 BintiTanga (mleta uzi)

Asante sana fundi. Jana usiku sikulala. Leo nimefanya yote.

Haikuwa na gundi, imeshikwa juu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba. Nyuma kuna maandishi ya penseli yaliyofifia, nasoma "Rembrandt, de schelp" yaani "kombe", na namba ambayo sielewi.

Vidoti HAKUNA. Nimeangalia kila kona. Ni mistari mitupu, na kwenye giza la nyuma mistari imepishana kama wavu wa samaki. Wino nikiuangalia kwa pembeni umesimama juu ya karatasi kidogo, kama uzi.

Bonde lipo pande zote nne. Nimepima mara tatu: milimita 99 kwa 136.

Kwenye mwanga karatasi ina mistari myembamba imebanana sana, halafu inakatizwa na mistari mingine iliyoachana kama sentimita mbili na nusu. Alama ya picha ndani ya karatasi sikuiona.

#6 Mzalendo_Kindakindaki

Nilisema mimi! Vidoti hakuna, sahani imeacha bonde, karatasi ya kale. Hongera dada wa Tanga.

#7 Mwalimu_wa_Sanaa_Nyeri

Mimi nafundisha sanaa sekondari, huwa nawasimulia wanafunzi kisa kimoja kinachofaa hapa. Mwaka 1751 pale London mchoraji Benjamin Wilson alichoka kumsikia mwenzake Thomas Hudson, aliyekuwa mkusanyaji mkubwa, akijigamba kwamba hakuna anayemzidi kutambua chapa za Rembrandt. Wilson akachonga sahani yake kwa mtindo wa Rembrandt, akahakikisha chapa imemfikia Hudson kupitia kwa mtu wa tatu. Hudson akainunua kwa furaha na kuisifia. Baadaye Wilson akafichua jambo hilo mbele ya wachoraji wenzao mezani.

Hudson hakuwa mjinga. Alikuwa mwalimu wa Joshua Reynolds, mchoraji mashuhuri wa Uingereza. Na ule ulikuwa mwaka wa 82 tu tangu Rembrandt afariki. Naandika haya ili tusiharakishe kwa sababu tu kitu kimefanywa kwa mkono na kwa karatasi nzuri.

#8 FundiFremu

Mwalimu ameniwahi, nashukuru.

Dada, umefanya kazi safi. Tuseme kile ulichokipata kinaondoa nini, maana huku kwetu kazi ni kuondoa, si kuongeza.

Ile mistari ya kwenye mwanga inatokana na wavu wa nyaya ambao karatasi ilichotwa nao. Karatasi zote za Ulaya za wakati wa Rembrandt zilikuwa hivyo; za Japani, ambazo yeye alizipenda sana, ni habari nyingine. Karatasi laini ya Ulaya isiyo na mistari ilianza Uingereza katikati ya miaka ya 1750, kwa hiyo chapa ya karatasi hiyo haiwezi kuwa ya karne ya 17. Yako ina mistari. Lakini sikiliza: karatasi ya mistari haikuacha kutengenezwa. Iliendelea karne ya 18, ya 19, na leo naweza kukuuzia mpya. Kwa hiyo mistari haithibitishi, inaruhusu tu.

Sasa kuna mambo ambayo hata bila vidoti yanaweza kuwa yametokea.

La kwanza, sahani za Rembrandt mwenyewe zilizoendelea kuchapwa baada ya kifo chake mwaka 1669. Hazikuyeyushwa. Nyingi zilifika Paris mikononi mwa mkusanyaji Watelet, kisha mfanyabiashara wa chapa Basan akazinunua miaka ya 1780 akachapa vitabu vizima. Baada yake zikapita mikono mingine hadi 1938 zikanunuliwa na Mmarekani, zikakaa jumba la makumbusho la North Carolina, na mwaka 1993 zikatawanywa kwa mauzo. Sahani kama 80 zipo hadi leo. Chapa ya Basan ni kutoka kwenye shaba aliyoishika Rembrandt, lakini mifereji imechoka na mingine imechimbwa upya na watu wengine. Mwingine ni Kapteni Baillie, mchonga sahani wa Ireland, aliyepata sahani maarufu ya Yesu akiponya wagonjwa, iitwayo "Gulden Mia" (gulden ni fedha ya zamani ya Uholanzi), akaichonga upya miaka ya 1770, akachapa 100, halafu akaikata vipande vinne na kuchapa kila kipande peke yake. Mimi nikiwaza shaba ile ikikatwa huwa naumia.

La pili, nakala za picha za kamera. Miaka ya 1870 pale Paris mchapaji Amand-Durand alipiga picha chapa bora za Rembrandt, akazihamishia kwenye sahani ya shaba, akachapa kwa rola ileile. Bonde lipo, wino umesimama, vidoti hakuna. Zimewadanganya wengi. Yeye mwenyewe hakudanganya, aligonga muhuri mwekundu nyuma. Waliokuja baadaye ndio waliofuta mihuri au kubandika karatasi juu yake. Angalia nyuma kama kuna doa jekundu au mahali palipokwanguliwa.

La tatu, mtu aliyekaa na chapa ya Rembrandt mbele yake akachonga sahani yake kwa mkono. Walikuwepo wengi karne ya 18 na 19, wengine wakijifunza, wengine kwa kuipenda picha.

Kinachonisumbua ni kipimo chako. 99 kwa 136. Karatasi hulowa ikachapwa, ikikauka inasinyaa, kwa hiyo tofauti ya milimita moja au mbili ni kawaida. Lakini kusinyaa kunapunguza, na yako imezidi, tena urefu umezidi milimita nne.

Penseli ya nyuma iweke pembeni. Mwenye duka yeyote anaandika anachokiamini au anachotaka kukiuza.

#9 Nahodha_wa_Shela

Asalaam aleikum. Mimi si mtu wa picha. Ni mzee wa Lamu, nimevua tangu utoto, na mjukuu ndiye anayenisomea uzi huu. Kuna jambo nimeliona kwenye ile picha ya Rembrandt ya jumba la makumbusho ambayo mwalimu alimtumia mjukuu wangu, limenikera tangu asubuhi.

Kombe lile limepinda upande si wake.

Mwanangu, makombe haya ya umbo la pia nayajua, na wavuvi wote hapa wanajua kutoyaokota kwa mkono mtupu yakiwa hai, maana yuko ndani mdudu anayechoma na kuua mtu. Wa madoa hayo mimi sijamuokota, lakini jamii yake ni moja. Ukitazama kwa juu, pale kwenye kilele, ukaweka kidole katikati ukafuata mstari kwenda nje, kidole kinazunguka kama mshale wa saa. Karibu yote yako hivyo. Miaka sitini na zaidi sijashika la kinyume. Lile la Rembrandt linazunguka kinyume cha saa.

Sasa namuuliza binti wa Tanga: hilo lako linazunguka upande gani?

#10 Kipima_Joto

Mzee wangu shikamoo. Hilo swali sikulitegemea kabisa. Nakaa hapa kusubiri.

#11 BintiTanga (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu.

Mikono inatetemeka. La kwangu linazunguka KAMA SAA.

Nimefungua picha ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, kwenye kompyuta, nikaweka yangu pembeni. Siku zote hizi nilikuwa nikisema "zinafanana kabisa", kumbe zimegeukiana kama mtu na kioo. Kilele cha kombe kwao kiko upande mmoja, kwangu upande wa pili. Kivuli nacho vilevile. Maandishi tu ndiyo yanasomeka sawa kwenye zote mbili. Nimekaa wiki nzima naangalia vidoti na milimita, sikuona kombe zima limegeuka.

Baba angeliona mara moja.

#12 FundiFremu

Mzee Nahodha, nakuamkia na kukushukuru. Nimefanya kazi hii miaka mingi na jambo hilo nilisoma tu, sikuwahi kuliona likisemwa na mtu aliyeshika makombe yenyewe.

Ngoja nieleze kwa wasioelewa. Chochote unachochonga kwenye sahani kinatoka kwenye karatasi kimegeuka, kama mhuri. Rembrandt alikuwa na kombe mezani. Orodha ya mali yake ya mwaka 1656, alipofilisika, ina makombe na vitu vya baharini. Alilichora kwenye shaba kama alivyoliona, na rola ikaligeuza. Hakujali. Lakini jina lake alikumbuka kuliandika kinyume kwenye shaba ili lisomeke. Ndiyo maana kwenye chapa zake jina liko sawa na kombe liko kinyume cha maumbile.

Sasa aje mnakili. Hana kombe mezani, ana chapa ya Rembrandt. Anaichora kwenye shaba yake kama anavyoiona, kombe likiwa kinyume. Rola inaligeuza tena. Kombe linarudi kuwa la kweli, kama baharini! Na jina naye anaandika kinyume lisomeke. Hicho ndicho alichonacho dada yetu.

Kwa hiyo si sahani ya Rembrandt. Wala si sahani yake iliyochapwa baadaye na mtu mwingine, kwa sababu sahani moja hutoa kombe likielekea upande uleule kila mara, hata ikichapwa na nani. Na nakala ya kamera nayo naiondoa, maana waliokuwa wakitengeneza zile walihakikisha upande unakuwa sawa, hiyo ndiyo ilikuwa biashara yao. Kinachobaki ni mkono wa mtu na sindano, kwenye sahani iliyozidi kidogo ya asili. Kipimo nacho kimepata maelezo.

Angalia jambo jingine, dada. Umesema giza la nyuma limepishana kama wavu wa samaki. Neno hilo nililipita haraka, sasa linanirudia. Kwenye chapa ya Rembrandt giza lile halilingani: mahali mistari imejaa hadi wino umeungana, mahali imeachia pumzi, na karibu na kombe inabadilika mwelekeo. Tena alilifanya kwa awamu. Chapa za kwanza kabisa kombe liko kwenye weupe mtupu, baadaye ndipo akaongeza giza. Mnakili wako alifuata awamu ya giza, na alikuwa mtu wa subira aliyepanga mistari yake kwa usawa. Kuchora anajua. Lakini ni tabia nyingine.

#13 Mzalendo_Kindakindaki

Nimeelewa. Nilikosea, na nilimsukuma dada wa watu kwa kelele zangu. Samahani BintiTanga.

Ila nauliza kwa nia njema: kwa kuwa ni ya zamani na jina limo, haiwezi kuuzwa hata kama "Rembrandt" tu, mnunuzi akaamua mwenyewe?

#14 Mpingo_Mwenge

Nijibu hilo kwa sababu linanihusu kazini. Mimi nauza vinyago Mwenge, Dar, nimerithi kibanda kwa baba.

Hapana mkuu, haiwezi. Huku kwetu kuna watu wanachukua mti mwepesi, wanapaka rangi ya viatu nyeusi, wanamuuzia mgeni kama mpingo. Mgeni anashika cheusi, anaamini. Mimi mpingo wangu nautumbukiza majini mbele ya mteja uzame, na nageuza chini ya kitako nikwangue kidogo aone. Wale wanaopaka rangi wametuharibia jina sote. Mteja aliyedanganywa mara moja akirudi haamini hata cha kweli.

Na kwa picha, kisa cha Tingatinga kinajulikana. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafa kwa risasi mwaka 1972. Miaka michache mno. Wanafunzi wake waliendelea, na waliofuata wakaendelea hadi leo, na mtindo ni halali yao. Picha ya mtindo wa Tingatinga ni kitu kizuri na kina bei yake. Picha yenye sahihi ya E.S. Tingatinga aliyoiweka mtu mwingine ni wizi. Karatasi au ubao unaweza kuwa uleule, kilichobadilika ni kile muuzaji anachosema kwa mdomo wake.

Wenye minada ya Ulaya wana maneno yao, nimeyajifunza kwa kuwauzia. Wakitaja jina la msanii peke yake, wanasimama kwamba ni kazi yake. Wakisema "inahusishwa na", wanadhani lakini hawaapi. "Karakana ya" ni kwa vijana waliofanya kazi chini yake. "Mfuasi wa" na "kwa mtindo wa" ni mtu aliyemuiga, wa mwisho huyo mara nyingi ni wa miaka mingi baadaye. Na "kwa kufuata" ni nakala ya kazi inayojulikana. Kila neno linashusha bei, wakati mwingine mara mia. Ya dada, kwa nilivyoelewa maelezo ya fundi, ni ya "kwa kufuata Rembrandt". Aiuze au aishike, aiite hivyo.

#15 Kipima_Joto

Mpingo_Mwenge umemaliza hoja. Naomba sasa tuzungumze fedha, kwa sababu mleta uzi aliuliza na hakuna aliyemjibu.

#16 FundiFremu

Sawa, ila niseme wazi kwamba bei ya mwisho anaitoa mnunuzi.

Chapa nzuri ya Rembrandt iliyochapwa akiwa hai, karatasi safi, bonde la sahani halijakatwa, inaanzia maelfu ya euro na zile adimu zinafika mamia ya maelfu, hata zaidi. Kombe ni adimu. Ndiyo picha pekee ya kitu kisicho na uhai, kimewekwa peke yake, katika echingi zake zote. Chapa za sahani zake zilizochapwa baadaye sana zinashuka hadi maelfu machache au mamia, kutegemea sahani imechoka kiasi gani. Za Amand-Durand ni mamia, nyingine chini ya hapo. Nakala ya mkono ya mtu asiyejulikana kama yako mara nyingi ni makumi hadi mia na kitu. Akijulikana jina lake hupanda kidogo.

Kwa hiyo yule muuzaji wa euro 60 sidhani alikuwa anakuibia. Pengine aliona kombe limegeuka ndani ya ile nusu dakika.

Kinachopandisha au kushusha yako sasa ni hali yake. Ina madoa ya kahawia? Imekatwa? Imekunjwa?

#17 BintiTanga (mleta uzi)

Ina madoa mawili madogo juu kulia, na mstari hafifu wa njano kuzunguka pale fremu ilipogusa. Haijakatwa, ukingo upo pande zote. Doa jekundu nyuma hakuna.

Nirudishe majibu basi, kwa kuwa mmenisaidia bila kulipwa. Wiki iliyopita niliipeleka kwa mtaalamu wa chapa wa nyumba moja ya mnada, siku yao ya kutazama vitu bure. Sikumwambia lolote. Aliigeuza, akaipima, akaiinua kwenye taa, akasema: "Kwa kufuata Rembrandt, imegeuka, mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa 19, kwa kuona karatasi. Euro 80 hadi 120." Nikamuuliza amejuaje imegeuka, akasema ameshaiona ya asili mara nyingi. Nikamwambia kuna mzee wa Lamu amejua kwa kuyaona makombe. Aliweka kalamu chini akaniomba nimweleze upya, akaandika.

Siuzi. Sisemi hivyo kwa kuwa bei ni ndogo. Tangu mzee aliposema, nikiiangalia naona kitu kingine. Rembrandt alikuwa na kombe mkononi na chapa yake ikatoka kinyume. Huyu mtu asiye na jina huenda hakuwahi kuona bahari yenye makombe hayo, alinakili kosa la mwenzake kwa subira mstari kwa mstari, na mikononi mwake kombe likarudi kama lilivyo baharini. Ndilo linalofanana na yale ya dirishani kwa baba. La jumba la makumbusho halifanani nayo.

Fundi, nataka kuirudisha ukutani. Nifanyeje isizidi kuharibika?

#18 FundiFremu

Usiirudishe kwenye ule ubao wa nyuma wa zamani, ndio uliotoa mstari wa njano. Ule ni karatasi ya rojo la mbao, ina asidi. Nunua kadibodi ya pamba isiyo na asidi, mbele na nyuma. Ya mbele ikatwe dirisha, ili karatasi yako isiguse kioo. Ishikilie kwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Japani na gundi ya wanga wa ngano uliopikwa. Selotepu usiiguse kabisa, wala gundi ya maji ya dukani. Madoa mawili yaache kama yalivyo. Ukijaribu kuyatoa mwenyewe utafanya mapya.

Ukutani isipigwe na jua, wala isiwe juu ya jiko au karibu na bafu.

Nyuma ya fremu mpya andika kwa penseli laini, kwenye kadibodi na si kwenye chapa: kwa kufuata Rembrandt, imegeuka, mahali na siku uliyonunua. Siku moja mtu mwingine ataifungua.

#19 BintiTanga (mleta uzi)

Nimeandika. Nimeongeza na jina la Nahodha wa Shela aliyeitambua, kwa Kiswahili.

Mzee wangu, una kombe lolote la jamii hiyo nyumbani? Naomba picha ya kilele chake, nataka kuiweka pembeni ya fremu.

#20 Nahodha_wa_Shela

Ninalo moja, lakini mjukuu amelichezea hadi kilele kimevunjika. Subiri bamvua ya wiki ijayo, maji yakitoka mbali nitashuka mwambani na kijiti changu. Nikipata ganda tupu zuri nitalipiga picha kwa juu, kama nilivyokuelekeza.

#21 BintiTanga (mleta uzi)

Nasubiri, mzee wangu. Chunga mkono.